Sura ya Kuazima

"Mama Eva, pole sana kwa msiba."

Ndivyo Eliufoo, dereva wa lori la Suji, kijijini kwao mlimani, alivyomsalimia Dorkasi stendi ya Same, jua likianza kuzama. Dorkasi alikuwa ameshuka kutafuta dawa na mafuta ya taa, basi. Akauliza msiba gani tena.

"Si wa Eva? Juzi nilishusha mizigo kule kambi ya mkonge, nikaona picha yake ukutani, inafukizwa ubani. Nikajua mmemzika kimyakimya."

"Eva yuko hai! Asubuhi nimemwacha kitandani."

Kitandani, naam. Wiki ya tano sasa, kila jua likizama, binti yake alikuwa akishikwa na usingizi mzito, na usingizini anaitika. "Abee, mama," anasema, na mama mwenyewe hajamwita. Kila siku anazidi kukonda. Zahanati walisema malaria. Majirani wakanong'ona mengine, Dorkasi akawakemea. Yeye ni Msabato wa kuzaliwa. Anajua wafu wamelala na hawana habari na mtu.

Lakini picha hiyo imefikaje kambini? Mwaka ule maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, baada ya ile miaka ya kupanga foleni kwa mche mmoja wa sabuni, na mitumba ikapanda mpaka milimani. Eva akapata gauni jeupe la ubatizo, mama akamshusha Same kupiga picha studio kwa Sefu. Nakala moja, ya kuweka sebuleni. Hakuna mtu mwingine aliyepewa ruhusa nayo.

Dorkasi akaenda kwa Sefu mbio. Mtu hana haya yule! Alikuwa anafunga duka, wala hakubabaika.

"Shikamoo mama. Usikasirike. Kuna mama amefiwa na binti, hana hata picha yake moja. Analia eti ameanza kuisahau sura ya mwanawe. Akaiona ya Eva niliyoibandika hapa dirishani, akasema ndiye huyu huyu. Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza!"

"Ni nakala moja tu, mama. Haki ya Mungu, moja tu."

Kufa kufaana, wahenga walisema, na nadhani walimwona Sefu kabla hajazaliwa.

Lori lilikuwa na magunia ya kushusha kambini, kwa hiyo Eliufoo akampeleka. Walipofika, akamwonyesha chumba cha mwisho kwenye safu ya nyumba za wakata mkonge. "Usikawie, dada," akasema. Yeye hakusogea hata hatua moja kutoka kwenye lori lake.

Giza lilikuwa linaingia. Harufu ya mkonge uliooza ilimpanda puani. Kisha... ubani.

Akapiga hodi.

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

Akausukuma mlango. Mwanamke mwembamba ameketi mkekani, kibatari mbele yake, na juu ya kibatari, ukutani, ni Eva. Gauni lile lile. Tabasamu lile lile la kuficha pengo la jino. Mwanamke hakugeuka. Aliita polepole, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

"Zuhura..."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia. Kwii.

"Abee, mama."

Ilikuwa sauti ya Eva.

Dorkasi akaushika mlango. Ni yeye mwenyewe aliyemfundisha binti yule kwamba mtoto mwenye adabu haitwi mara mbili. Mama yeyote akikuita, unaitika. Jamani, adabu ile!

"Umemweka nani humo ndani?" akauliza.

Mwanamke akageuka. Hakuwa na sura ya mchawi. Alikuwa na sura ya mtu aliyelia mpaka akachoka.

"Ndiwe mama yake," alisema. "Paji la uso ni moja. Mimi Mwanakheri, mtu wa Lindi, nilikuja huku na marehemu mume wangu kukata mkonge. Niliambiwa picha hii haina mwenyewe."

"Mwanangu anakufa, Mwanakheri."

"Wangu amekufa." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanzo nilikuwa naita tu, kwa uchungu. Siku ya saba akaitika. Niambie, dada... ungeitikiwa wewe, ungenyamaza?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale walikuwa wazazi wawili. Dorkasi alikuja na maneno makali aliyoyapanga njia nzima, yakamwishia mdomoni, akaketi mkekani akalia na mwenzake.

Mwanakheri mwenyewe ndiye aliyeibandua picha. Akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye nyusi, kwenye shavu. Kisha akampa.

"Haya. Mwite wewe."

"Eva," Dorkasi akanong'ona. "Mwanangu, twende nyumbani."

Pazia likacheza. Upepo haukuwepo.

Kikasikika kilio kidogo cha kujizuia, kikafifia, kikakoma. Dorkasi akavuta pazia. Kitanda kitupu, shuka limebonyea katikati, bado lina joto.

Akiwa nje alimsikia Mwanakheri akiita. Zuhura. Zuhura. Mara nyingi. Hakuna aliyeitika, na Dorkasi alilia njia nzima kupanda Suji.

Nyumbani alimkuta Eva ameamka, amekaa jikoni, anakula makande kwa hamu, mara ya kwanza baada ya wiki tano. Dorkasi akapiga magoti, akashukuru, kisha akaitia ile picha motoni. Eva akaitazama ikijikunja.

"Mama," alisema taratibu, "umenitoa pale hata sijamuaga. Sasa atakuwa na nani?"

"Yamekwisha, mwanangu. Umepona."

Eva akaweka bakuli chini. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Na bibi wa kule bwawani Nyumba ya Mungu, mwenye picha kama hii, anayeniita alfajiri? Huyo utamfuata lini? Na wale wa Kwakoa? Wale huniita wote kwa pamoja, mama, na kila mmoja kwa jina la marehemu wake."