Uzi Mwekundu wa Kipimajoto

Nina miaka sitini na tatu na wajukuu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja anayejua haya. Shule niliishia darasa la pili, mnivumilie...

Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Mzee wangu alitunza mabwawa ya kuogelea katika hoteli moja Homa Bay. Moja lilikuwa dogo, la maji ya moto, la wageni wazee wenye miguu mibovu. Meneja, mtu mwenye mkono wa birika, alinunua vipimajoto sita vya bei rahisi. Kila kimoja kilisema lake! Mzee akaambiwa atafute cha kweli.

Akavipeleka kwa nani? Kwa Akinyi, mke mwenzangu mdogo! Akinyi aliuza mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kwa hivyo barafu hakukosa. Tena alikuwa amesoma. Wakainamia beseni la maji na barafu, vichwa vinagusana, wakitafuta kile kitakachosoma sufuri. Mimi nimesimama mlangoni na uji wangu kama mgeni!

"Mikayi, hebu na wewe utusomee," mzee akanitania.

"Soma na mwalimu wako!"

Wakacheka. Kicheko hicho kilinichoma... Mimi niliyemzalia watoto saba!

Akinyi alifunga uzi mwekundu kwenye kile cha kweli. Asubuhi, alipoenda sokoni, niliingia kwake nikauhamishia kwenye kingine. Nilitaka tu mzee amwone mjinga.

Kumbe nilichagua kibaya kuliko vyote! Maji yakiwa moto, chenyewe kinasema ni vuguvugu. Mzee akaongeza kuni, akaongeza tena... Mama mmoja mzee akatolewa majini amezimia. Alipona, lakini mzee alifutwa kazi siku hiyo hiyo.

Alifika nyumbani akamtupia Akinyi kile kipimajoto. "Umenimaliza! Rudi kwenu!"

Akinyi alikiokota, akakitazama, akanitazama mimi. Nikaangalia pembeni. Akaenda kwao Rongo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichinja kuku!

Je, nilimpata mzee? Wapi! Alikaa uani, chakula kinapoa. Hakucheka tena. Alikufa bila kujua ukweli.

Baada ya matanga nilimfuata Akinyi Rongo, nikapiga magoti, nikasema yote. Yeye aliendelea kuchambua dagaa wake, omena.

"Inuka, mama. Nilijua tangu siku ile. Mimi hufunga mafundo matatu. Nilikuta moja."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nani angeniamini mbele ya mikayi?"

Kisha akaniuliza kama nimekula...

Heri angenitukana! Wamama wenzangu, mwenzako akijua usichokijua, vuta kiti umwambie, nifundishe. Mimi niliona aibu kusema sijui, nikamtoa mtoto wa watu kwake na nikamzika mume wangu na uongo. Msifanye kama mimi. Nawasihi!