Njia Iliyozidi Kufupika

Haya yalimkuta rafiki yetu Kokuberwa jioni moja ya mvua, nyumbani kwake Chanika, anakoishi peke yake. Kila wiki hupima kasi ya hifadhidata inayounganisha watu: nani ndugu wa nani, nani jirani wa nani. Majina yote ni ya kubuni. Huiambia kompyuta itafute njia ya kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kupitia ndugu na majirani walio katikati, kisha hutazama imechukua muda gani.

Siku hiyo kompyuta ilikuwa nzito, feni yake ikivuma kama gari linalopanda mlima. Akampigia Khalil, mfanyakazi mwenzake aliyeko Mbweni.

"Kuna mtu mwingine anaiuliza hifadhidata yako kutoka mbali," Khalil akamwambia. "Zima intaneti, sista."

Akazima. Feni ikazidi kuvuma. Alipolifungua swali lililokuwa likitafutiwa jibu, alikuta jina lake mwenyewe upande mmoja. Upande wa pili palikuwa patupu. Katikati walijipanga watu wengi.

"Khalil, wewe ndiye uliyeniweka humu?"

"Mie? Sijagusa kitu."

Akalifuta. Likarudi lenyewe, na watu wa katikati wamepungua. Akafuta tena, wakapungua tena. Mara umeme ukakatika. Mvua ikapiga bati, giza likajaa chumbani, ukabaki mwanga wa skrini tu, kompyuta ikitumia betri. Hakuthubutu kufuta tena. Akakaa, mikono mapajani, akiisikiliza feni, mpaka iliponyamaza ghafla na jibu likatokea.

Katikati hapakuwa na mtu yeyote. Ulibaki mstari mmoja kutoka kwenye jina lake hadi pale patupu, na juu yake pameandikwa: "wanaishi nyumba moja."