Kopo la Vifungo

Suruali ya mtangazaji wa redio aliyeitwa Sauti ilichanika kwenye ngazi za jengo la mafundi, mchana kweupe, watu wamejaa mpaka ukutani. Alijitupa kwenye kibanda cha kwanza alichokiona, ambamo msichana mwenye futi shingoni alikuwa anagombana na cherehani yake.

"Dada, niokoe. Naingia hewani sasa hivi."

Fundi alimtazama juu mpaka chini. Shati jeupe limenyooka, viatu vinang'aa, na nyuma chupi ya bluu inachungulia.

"Vua."

"Hapa?"

"Unataka nikushone nayo? Jifunge pazia hilo. Ni la mteja, ole wako ulichafue."

Mama wa fundi, aliyekuwa akikata vitambaa pembeni, alicheka kwa pua. Wote wawili walishaitambua sauti. Kila Jumamosi jioni ilisikika katika kipindi cha Ya Kwangu, ikisimulia kisa cha utotoni, kisha wasikilizaji wakapiga simu kusimulia vyao. Sharti la kipindi lilikuwa moja: simulia yaliyokupata wewe.

Sauti alirudi kesho yake kushukuru, keshokutwa kupunguza shati ambalo halikuhitaji kupunguzwa. Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado."

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Mimi sauti hainishibishi. Kesho njoo na sahani."

Mapenzi yakanoga, na mtu akipendwa hufungua hata makabati ya mwenzake. Jioni moja ya mvua, mama ametangulia nyumbani, fundi alishusha kutoka kwenye rafu kopo la maziwa lililobonyea mdomo, limejaa vifungo. Akamwambia ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku baba yake alipofungasha kuhamia kwa mwanamke mwingine, mama hakusema neno. Alichukua mkasi akakata vifungo vya mashati yote, hata la mwilini, kisha akamfungulia mlango. Baba akakatiza mtaa kifua wazi, begi mkononi. Fundi alijifunza kushona kwa vifungo hivyo, na alikuwa akingoja siku mama atakapomruhusu akisimulie kisa hicho mwenyewe.

Sauti alimshika mkono, akanyamaza. Angenyamaza hivyo hivyo tungekuwa na hadithi nyingine.

Jumamosi redio za jengo zima zilikuwa wazi. Fundi alikuwa anapiga pasi aliposikia: "Siku baba yangu alipotuacha, mama yangu alichukua mkasi..." Kisa kizima. Alikipamba hata mwisho, mama akalia juu ya vifungo mpaka alfajiri, akavitia kwenye kopo la maziwa lililobonyea mdomo. Mafundi waliokuwa wanacheka wakaacha mmoja mmoja. Macho yote yakaenda kwenye rafu.

Mwizi wa kuku hupigwa mawe, mwizi wa kisa cha mtu hupigiwa makofi. Mama aliweka mkasi chini, akatoka bila mkoba wake.

"Hata mama yangu mzazi hakujua," alimwambia binti yake nyumbani. "Na aliyeondoka na mashati yale yuko hai, ana masikio. Umempa mwanamume wako kisa changu, watu wanicheke." Baada ya hapo hakusema naye tena.

Simu ikalia.

"Mpenzi, umesikia? Simu zimefurika studio!"

"Mama yako alianza lini kuwa fundi?"

"Sikutaja jina la mtu."

"Ulitaja kopo! Na mama hakulia. Hata tone. Umempokonya mpaka hasira yake."

"Visa vimeniishia. Kwetu hakukuwa na kitu, nyumba ilikuwa kimya tu."

"Si ungesimulia huo ukimya! Kidonda cha mwenzio unakiona kitamu kwa sababu hakikuumi. Usinipigie tena."

Alipiga. Hakupokelewa. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, akajibiwa neno moja lisiloandikika hapa.

Mama alikuwa akikata, binti akishona, na kati yao hapakupita hata "nipe uzi". Jumamosi iliyofuata redio yao ilizimwa. Lakini fundi viatu wa mlango wa pili aliifungua yake mpaka mwisho, na ukuta ulikuwa mbao.

"Kisa cha wiki iliyopita niliiba," sauti ilisema. "Mwenye nacho hakulia. Leo nasimulia cha kwangu. Baba na mama walinuniana miaka, na mimi ndiye nilikuwa simu yao. Mama akisema, 'Mwambie huyo chakula kiko mezani, asipotaka aache,' nafika sebuleni nasema, 'Baba, mama anakukaribisha.' Baba akisema, 'Mwambie nimekula kwa wanaonijali,' narudi jikoni, 'Mama, baba anashukuru, ameshiba.' Nilizoea kubeba maneno ya watu nikiyapamba, ya kwangu nikayasahau. Nikapelekwa shule ya bweni. Likizo ya kwanza nikakuta nyumba ina mtu mmoja."

Fundi alikuwa ameuma pini. Hasira ilimpanda upya, maana alitaka kuendelea kumchukia na mtu huyu anamharibia.

"Huyo leo kasema kweli," mama alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa binti yake wiki nzima.

"Kweli ya kuchelewa, mama."

"Mwambie aje."

Fundi alitema pini, akapiga namba ya kipindi.

"Halo, Ya Kwangu hapa, tuko na nani?"

"Mama anasema uje."

"Ananikaribisha?"

"Anasema uje. Usipambe!"

Alikuja kesho yake kwa shati lile jeupe, pete mfukoni, jengo zima likichungulia.

"Mama, nisamehe. Nimekuja pia kumuomba binti yako..."

"Simama wima," mama alisema, akachukua mkasi. Kacha, kacha, mpaka kifungo cha mwisho, vya mikono pia. Akavitupa kwenye kopo. "Wa kwanza alitoka hivyo hakurudi. Nenda, tukuone wewe."

Sauti alimgeukia fundi. "Utanishonea lini?"

"Kila ukinisimulia la kwako, kimoja. Ukiiba tena nakushona mdomo."

Akashuka ngazi kifua wazi, ameshikilia shati kwa mkono, watu wakimzomea. Fundi hakucheka. Usiku huo hakulala vizuri, na alijichukia kwa hilo.

Asubuhi, walipofika kufungua kibanda, walimkuta ameketi mlangoni, shati lile lile, limekunjamana.

"Nianze na lipi?" aliuliza.

Fundi alifungua kufuli bila kumtazama, akashusha kopo, akatunga uzi.

"Anza na lile linalokukera mpaka leo," alisema. "Na usinichekeshe. Bado nina hasira."