Taa ya Kiti cha Mwisho

Asubuhi hiyo taa ya kiti cha mwisho iliwaka nyekundu, na kitini hapakuwa na mtu.

Kwenye bustani ile ya burudani kila mtu alimwita Rubani, ingawa mwanamke wa watu hakuwahi kupanda ndege ya kweli hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuendesha ndege ya kuigiza: chumba kisicho na madirisha, chenye viti na skrini kubwa mbele, kilichosimama juu ya miguu ya chuma inayoinama na kuinuka. Kila kiti kina taa yake kwenye meza ya swichi. Mtu akikaa, uzito wake huwasha taa nyekundu. Akifunga mkanda, inageuka kijani. Ikibaki nyekundu hata moja, mashine haisogei.

"Ni unyevu tu huo," meneja alisema kwenye simu. "Funga mkanda juu ya kiti kitupu, uendelee. Watu wanakaangwa na jua hapo nje."

Rubani akafunga. Akashika kipaza sauti na kusema maneno yaliyokwisha kumkaa ulimini: "Mtatikiswa. Mtasikia upepo usoni, na mioyo itawaruka. Msiogope, ndege hii haiendi popote. Wote mtashuka salama."

Kuanzia hapo chumba kikawa kinanuka nywele zilizoungua. Kila alipofungua mlango alikuta ule mkanda umekazwa mpaka mwisho, na kiti kina joto kama kilichoachwa sasa hivi. Mtoto mmoja alishuka akamwuliza mama yake kwa nini yule bwana wa pembeni hapumui.

Rubani alimweleza mumewe, ambaye ndiye fundi wa mashine ile. Fundi alikuwa pande la mtu. Nyumbani kitanda kililia akigeuka, na shemeji zake walimficha viti vyao vya plastiki. Alimcheka mkewe wiki nzima, akamwigizia mizimu jikoni, kisha akaona mke hapati usingizi, akamhurumia.

"Nitakikalia mwenyewe," akasema. "Wewe washa."

"Kaa kingine basi."

"Nitajuaje ubovu wake nikikaa kingine?"

Akakaa, akajifunga. Rubani akawasha, na miguu ya chuma ilipoanza kuinama alisikia kwenye spika pumzi nzito ya mumewe, kisha pumzi nyingine nyuma yake, ndefu na kavu, ikivuta bila kutoa, ikivuta tu, mpaka ile ya mumewe ikaanza kukatika na sauti yake ikaja ndogo kama ya mgonjwa, ikisema, "Zima. Mke wangu, zima," naye mkono ukiwa juu ya swichi akacheka kidogo kwa uchungu, akadhani anataniwa tena kama alivyotaniwa wiki nzima, akaiacha ndege imalize safari yake.

Fundi alishuka akitabasamu, hana hata tone la jasho.

"Ni unyevu tu," akasema.

Taa haikuzima. Wateja walipoanza kunong'ona, meneja akaleta mganga, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi. Alisoma dua, akanyunyiza maji, akasoma tena. Umeme ulikuwa umekatwa, lakini miguu ya chuma iliguna na chumba kikainama chenyewe. Halafu ile harufu ikapotea, na umeme uliporudishwa taa ya kiti cha mwisho ilikuwa imezima.

"Kuna mtu aliyekikalia?" mganga akauliza taratibu. "Semeni sasa, wakati bado naweza kumrudisha."

Rubani alifungua kinywa. Meneja alikuwa amemkazia macho, maana alishawaapia wateja kwamba kiti kile hakitumiki. Mumewe akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Nyamaza," akamnong'oneza. "Tutafukuzwa wote wawili."

Rubani akanyamaza. Maisha yake yote atajichukia kwa hilo. Mganga alimtazama kidogo, akanawa mikono, akaenda zake.

"Haya, jaribuni," meneja akasema, akaenda kufungua lango.

Fundi aliingia chumbani, akakaa kiti cha mwisho. Rubani akatazama meza ya swichi. Haikuwaka taa.

"Hamia cha mbele," akasema kwenye kipaza sauti.

Akahamia. Giza. Akakaa cha pili, akakaa cha katikati, akavikalia vyote kimoja kimoja kwa utiifu, lile pande la mtu, na meza nzima ikabaki nyeusi. Huko nje foleni ilikuwa inacheka na kusukumana.

"Nimekaa," sauti ya mumewe ikaja kwenye spika, ya upole kabisa. "Washa, mke wangu. Ndege hii haiendi popote."