Meneja Asiye na Watu

Ndugu zangu, duka lile la fanicha lilikuwa na raha yake. Asubuhi, kabla ya wateja kuingia, wauzaji walikusanyika kwenye makochi, vikombe vya chai mkononi, wakitaniana. Aliyefanya vizuri jana alisimulia alivyomlainisha mteja mgumu, na aliyekwama alipewa moyo. Katikati yao alikaa jamaa mmoja mcheshi waliyemwita Mzee wa Magodoro, maana aliweza kumuuzia godoro hata mtu aliyeingia kuuliza njia.

Kisha Mzee wa Magodoro akapewa umeneja.

Aliogopa wakubwa wasije wakamwona amelegea. Chai akaipiga marufuku. Akatundika ubao ukutani, majina yamepangwa kuanzia anayeongoza hadi anayeburuta mkia, na kila asubuhi wa mwisho alisimamishwa mbele ya wenzake ajieleze.

"Mimi nilikuwa nauza huku nimefumba macho," aliwaambia. "Nyinyi mna nini?"

Mauzo yalipanda kidogo, nisiseme uongo. Lakini wauzaji wakaanza kunyang'anyana wateja mlangoni na kufichana habari. Meneja akitokea, kicheko kilikatika. Mchana alikula peke yake ofisini, akiwasikia wakipiga soga upande wa pili wa ukuta. Alitamani kwenda kukaa nao, asijue aanzie wapi.

Nyumbani nako alienda na ubao wake kichwani. Binti yake akileta matokeo ya shule, swali lilikuwa moja tu: "Nani kakushinda?" Siku moja mkewe, akimwekea chakula mezani, akamuuliza taratibu, "Baba watoto, na mimi kwenye ubao wako ni wa ngapi?"

Meneja alicheka. Mkewe hakucheka.

Basi palikuwa na muuzaji mmoja, Mpole, ambaye alianza kazi pamoja na meneja. Asubuhi moja aliingia ofisini simu bado iko mkononi.

"Bosi, mama amezidiwa. Dada anasema niende sasa hivi."

"Wewe ndiye wa mwisho ubaoni, na yule mteja wa vitanda vya hoteli anakuja leo. Malizana naye kwanza, halafu uende."

"Tumetoka mbali, mimi na wewe."

"Ndiyo maana nakwambia ukweli."

Mpole akabaki. Alitabasamu, akabonyeza magodoro, akasifia mbao. Mteja akakubali kununua, na meneja akapiga makofi, peke yake. Mpole alipofika hospitalini, mama yake alikuwa ameshafunikwa shuka.

Meneja alienda msibani. Aliwakuta wauzaji wote pale. Mpole alimpa kiti, akamshukuru kwa kuja, akaendelea kupokea wageni. Aliyekaa pembeni ya meneja akainuka kwenda kusaidia kubeba maji, hakurudi. Wakati wa kuaga, meneja akamshika Mpole mkono.

"Ndugu yangu, nisamehe."

"Nimekusikia, bosi," Mpole akasema, akauachia mkono ule polepole.

Mpole hakurudi kazini. Wenzake nao wakaondoka, mmoja baada ya mwingine, wakahamia maduka mengine. Wakaajiriwa wapya, vijana wenye nidhamu, waliokuwa wakisimama kila meneja akipita. Siku moja aliung'oa ubao mwenyewe, akawaita, akawaomba waketi.

"Hebu niambieni," akasema, "kila mmoja wenu anakwama wapi, nimsaidie?"

Wakatazamana. Kila mmoja alidhani anategwa, na hakuna aliyefungua mdomo.

Funzo

Wewe uliyepewa watu uwaongoze, jua kwamba muuzaji huingia dukani na moyo wake, na nyumba yake, na mgonjwa wake. Mtie moyo, mwelekeze, mruhusu aende anapohitajika. Aibu humfanya mtu akimbie leo, lakini kesho atakukimbia wewe. Na kama umekosea, rekebisha mapema, watu wako wangali wanaweza kukuamini.