Nimepokea Lindo

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu sebuleni, nakunja pindo la pazia, na kaka alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi. Mikunjo miwili mgongoni, kama wanavyofundishwa kambini. Nilimwambia wateja wanaangalia nyumba, hawaangalii mgongo wa dalali. Akacheka, akarudia mkunjo wa kushoto kwa sababu haukunyooka.

Kaka yangu alitumika jeshini miaka ishirini na mbili. Alistaafu na goti bovu na sanduku la bati, akahamia chumba changu cha nyuma, na mtaa mzima ukamwita Afande. Kwanza alifuga kuku. Kuku wakapata ugonjwa, wakaisha ndani ya wiki moja, naye akawazika kwa mistari iliyonyooka. Kisha kampuni moja ikamtaka awe mlinzi. Aliikataa kazi hiyo siku hiyo hiyo.

"Nimekesha vya kutosha, mdogo wangu," aliniambia. "Sasa nataka kazi ya kufungulia watu milango, siyo ya kuwazuia."

Aliyempa kazi hiyo ni Mzee Masharti, dalali wa nyumba wa mtaa wa pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kumaliza maneno yake bila kusema "kwa sharti kwamba". Mwanzoni Afande alikuwa dalali mbovu kupindukia, maana alikuwa anasema kweli. Mteja akiuliza maji, anamjibu yanatoka Jumatano, na Jumamosi yakijisikia. Siku moja Mzee Masharti alimvuta pembeni.

"Umeulizwa choo, ukajibu choo. Paa linalovuja uliulizwa na nani?"

Lakini watu wakampenda. Dalali anayekuonyesha ufa kabla hujauona mwenyewe unamtafuta tena, na unampelekea na shemeji yako. Mwaka haukuisha, kaka akawa na kitita cha funguo, kila ufunguo na kikaratasi chake. Alianza kuimba akioga. Nilifurahi mno, na niseme wazi, sikuwahi kumwona hivyo tangu tukiwa wadogo.

Siku hiyo ya shati alikuwa anampeleka muuguzi mmoja kuona nyumba ya kona. Ilikuwa nyumba nzuri: geti la buluu, vyumba vinne, korido ndefu inayotokea baraza ya nyuma. Haikuwa na mpangaji kwa miaka sita. Madalali watatu walishaurudisha ufunguo wake, kila mmoja akisema alisikia mwanamume akiongea huko nyuma. Mzee Masharti alimpa kaka ufunguo kwa sharti kwamba kabla ya saa kumi na mbili jioni awe ametoka.

"Mabati yakipoa yanaongea," kaka aliniambia akivaa viatu. "Watu wazima wanakimbia mabati."

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na yule muuguzi. Alikuja kwangu kesho yake asubuhi, ameshika karatasi ya vipimo vya madirisha. Hakutaka kukaa.

"Fundi, yale mapazia kaka yako aliyosema utanishonea, usiyashone," alisema kwa sauti ya chini. "Na kosa ni langu. Nilichelewa kupima."

Saa kumi na mbili kamili, alisema, walikuwa chumba cha mwisho. Kaka alikuwa amemshikia futi. Sauti ikatoka baraza ya nyuma. Ya mwanamume. Haikuwa kubwa. Ilikuwa imechoka.

"Lindo salama. Hakuna tukio. Nakabidhi."

"Kaka yako akaiachia futi," muuguzi alisema. "Akabana visigino. Akajibu, 'Nimepokea lindo.' Kwa nguvu, kama yuko gwaride. Halafu akacheka, akaniambia, 'Usiogope dada, ni mazoea tu.'"

"Halafu?"

"Halafu mtu akapumua. Pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, na hakutoka mtu."

Kaka alimsindikiza hadi getini. Akamwambia atangulie, yeye anafunga. Muuguzi alipofika kona aligeuka kumwangalia. Kaka alikuwa bado amesimama ndani ya geti, mkono kwenye komeo.

Mimi usiku huo nilidhani amelala kwa rafiki zake wa zamani. Ndivyo nilivyodhani, nikala, nikalala. Muuguzi alipomaliza kusema, niliacha cherehani na uzi wake sindanoni, nikakimbia.

Nilimkuta barazani amesimama wima, macho mekundu.

"Kaka, twende nyumbani."

"Siwezi."

"Unaumwa?"

"Mguu hautoki."

Nikadhani ni goti. Akanionyesha. Alitembea vizuri mpaka getini, akainua mguu avuke kizingiti, na mguu ukabaki hewani. Jasho likamtoka. Mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha mguu ukarudi ndani polepole, na yeye akawa anautazama kama si wake.

Nilimfuata fundi wa magari na vijana wake wawili, watu wanaobeba injini. Wakamkamata, mmoja kifuani, wawili miguuni, wakamtoa nje ya geti mzobemzobe. Hatua tatu tu. Akalegea. Kichwa kikaning'inia. Nikaweka sikio kifuani kwake, na hakukuwa na kitu. Hakuna kabisa. Nilipiga kelele wamrudishe. Walipomvusha kizingiti akakohoa, akavuta hewa, akafumbua macho. Wale watu walimlaza chini wakaondoka bila kuaga, na mmoja aliacha ndala yake moja pale pale.

Nilikwenda kwa Mzee Masharti nikiwa nimefura. Siku hiyo hakuwa na sharti hata moja. Alikaa ameshika tama.

"Mwenye nyumba alisafiri," alisema. "Akamweka mlinzi, mwanajeshi mstaafu. Akamwambia asitoke mpaka aje wa kumpokea. Mwenye nyumba hakurudi, na hakutuma mtu; ufunguo nilipewa na ndugu zake baadaye. Yule bwana alifia barazani. Miaka hii yote anakabidhi, kila jioni."

"Na mbona hao wengine hawakushikwa?"

"Walikimbia. Hakuna aliyejua la kujibu."

Kaka yangu alijua. Kati ya madalali wote wa mji mzima, yeye peke yake alijua.

Nilimpelekea chakula asubuhi na jioni. Asubuhi nakuta cha jioni hakijaguswa. Hakulala. Alisema akifumba macho tu, anashtuliwa begani. Shati lake likaanza kumpwaya, siku hadi siku, na mimi ndiye niliyemshonea, najua vipimo vyake. Siku ya kumi nilimuuliza kwa kunong'ona, maana humo ndani hata mimi sikuthubutu kuinua sauti.

"Akitokea mtu akajibu, wewe unatoka?"

Alinitazama, akaelewa ninachotaka kufanya, akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa baridi.

"Wewe usijibu. Hata nikikuita. Niahidi."

Nikaahidi. Ningependa kusema niliahidi kwa kumtii. Niliahidi kwa sababu niliogopa, na nilifurahi amenikataza.

Siku ya kumi na tatu sikumkuta. Geti lilikuwa limekomewa kwa ndani, nikaruka ukuta na umri wangu huu. Shati lilikuwa limekunjwa juu ya kiti cha barazani, mikunjo yote mahali pake. Vyumba vinne vitupu. Polisi walikuja, wakaandika mtu aliyepotea, wakauliza kama alikuwa mlevi. Nikafunga milango, nikauchukua ufunguo. Jioni nilibaki nje ya ukuta kwa kukosa pa kwenda.

Saa kumi na mbili kamili.

"Lindo salama. Hakuna tukio. Nakabidhi."

Ilikuwa sauti yake. Sauti ile ile iliyokuwa inaimba bafuni kwangu.

Miezi minne nilikwenda kila jioni. Nasimama ukutani. Anakabidhi. Kimya kinakuja baada ya hapo, kirefu, kinanisubiri mimi. Jibu lilikuwa hapa, mdomoni. Maneno yenyewe mawili tu. Nilikuwa nalia bila sauti, nauma kanga, narudi nyumbani. Kesho narudi tena.

Halafu, asubuhi moja, mtu akapiga hodi mlangoni kwangu. Mwanamume wa makamo, nywele fupi, amesimama kama amemeza ufito.

"Habari za kazi, dada. Nimetumwa na Mzee Masharti. Mimi ndiye dalali mpya. Anasema ufunguo wa nyumba ya kona unao wewe."

"Umeanza lini udalali?"

"Mwezi huu. Nilikuwa jeshini." Akatabasamu. "Mke wangu anasema bora hivi kuliko kumkagulia vyombo jikoni."

Nilifungua droo. Nikautoa ufunguo.

"Kuna jambo lolote natakiwa kulijua kuhusu nyumba ile?" aliuliza. "Sipendi kumdanganya mteja."

Kaka yangu angemwambia. Angemkalisha chini amwambie yote, tangu mwanzo. Mimi nilimtazama yule mtu usoni.

"Haina mapazia tu," nikasema.

Jioni hiyo nilikuwa ukutani mapema. Nilimsikia ndani akifungua madirisha, akijaribu mabomba, akipiga mluzi. Saa kumi na mbili ikafika.

"Lindo salama. Hakuna tukio. Nakabidhi."

Mluzi ukakatika.

Nilisikia visigino vikigongana. Nilikuwa na muda wa kupiga kelele. Ulikuwepo. Nilifumba macho.

"Nimepokea lindo."

Pumzi ndefu ikatoka humo ndani. Geti likafunguka. Nilinyoosha mikono yote miwili kumpokea kaka yangu, na hakutoka mtu. Changarawe ikasagika. Hatua moja, hatua nyingine, za mtu mwenye goti bovu. Zikanipita. Nikazifuata nikimwita mpaka zikapotelea kwenye kelele za barabara.

Nyumbani nikakuta chumba chake kimefungwa kama nilivyokiacha. Hakukuwa na mtu. Nilikaa kizingitini mpaka kukapambazuka.

Asubuhi hiyo mwanamke mmoja aliingia sebuleni. Alikuwa amevaa viatu visivyolingana, cha kulia chake, cha kushoto cha mtu mwingine. Alikaa kwenye benchi langu la wateja, akanishika mkono kwa mikono yake yote.

"Dada, mume wangu yuko nyumba ya kona. Anasema mguu hautoki." Alinong'ona kama anayeona aibu. "Wanasema na kaka yako ilikuwa hivi hivi. Nisaidie. Nyinyi mlifanyaje akatoka?"

Kwenye chumba cha nyuma kitanda kikalia, taratibu, kama kinavyolia mtu mzito anapokaa baada ya kusimama muda mrefu. Mama yule aliinua kichwa.

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu," nikamwambia.