Vumbi Chini ya Meza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia chumba ambamo mama yake, fundi cherehani, alishonea nguo. Waliompa jina hilo hawakukosea, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Mkono wake ndio uliopumzika mapema. Badala ya kuzoa vumbi na vipande vya nyuzi, alivisukuma chini ya meza, nyuma ya kompyuta iliyokaa sakafuni, akaenda zake.

Jumamosi moja kompyuta ilivuma kama gari linalopanda mlima, kisha ikazimika. Mama akaigusa, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Na humo ndimo vilimokuwa vipimo vya sare za kwaya nzima!

"Ni michezo yako hii!" akamfokea kaka yake Chiriku. "Umeichezea mpaka imechemka."

"Mama, wiki hii sijaigusa, haki ya Mungu."

"Mpirani leo huendi. Kaa hapo uitazame maiti yako."

Siku hiyo ilikuwa fainali, na kaka ndiye kipa. Alivua viatu vyake polepole. Chiriku aliinamia kikombe chake cha chai.

"Leo chiriku kameza nini?" kaka akamtania, macho yamemwiva.

Heri angemtukana.

"Mama, si kaka," Chiriku akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Vumbi sizoi. Nalisukuma kule nyuma."

Mama akachomoa waya ukutani, akangoja mashine ipoe, akafungua ubavu wake. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa, na feni imevaa koti zito la vumbi na nyuzi.

"Mwanangu, nisamehe," akamwambia kaka. "Nimekuhukumu kabla ya kutazama. Kimbia!"

Mama na Chiriku wakaisafisha kwa brashi laini, wakaiweka juu ya kigoda, mbali na ukuta. Ilipowashwa, ikanong'ona tu. Vipimo vyote vilikuwepo.

Jioni kaka akarudi. Walikuwa wamefungwa bao moja, kabla hajafika.

Chiriku akaangua kilio. Mama akamvuta karibu.

"Mashine huvuta hewa kama sisi. Ukiiwekea vumbi, itavuta vumbi. Na kosa unalolificha, mwanangu, halikai ulipolificha. Humwangukia mwenzako. Ukweli umeusema, na nimefurahi. Siku nyingine usiucheleweshe."